Kesi Iliyokwisha Mara Tatu

Mwanamkuu binti Uledi alikuwa mshindi, na mwenye kutaka kujua mshindi anaishije angekwenda kumtazama uani kwake, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kila pikipiki ilipozima mbele ya nyumba. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama kwenye korido kusikiliza. Akisikia ni mteja wa Shobhana, mpangaji wake wa fremu ya mbele anayeuza mapazia, hurudi jikoni. Akisikia sauti ya mwanamume inamuulizia kwa majina yake yote matatu, anakaza kanga kiunoni. Mtaani anaitwa Bi Mwana. Anayemuulizia kwa majina matatu amebeba samansi ya mahakama.

Kazi yake ni upishi wa shughuli. Harusi, maulidi, misiba, hakuna nyumba ya mtaa ule ambayo haijala pilau ya Bi Mwana, na za misiba hakuzitoza ujira hata siku moja. Masufuria yake makubwa yamepangwa uani kuanzia mlango wa jiko mpaka chooni. Nyumba yenyewe ni ya Kiswahili, vyumba sita na korido katikati, imebanwa na maghorofa kushoto na kulia hata jua inaliona saa sita mchana tu. Nyumba za namna hiyo zimebaki chache Kariakoo, na kila iliyobaki ina watu wanaoitolea macho.

Alipewa na baba yake. Mzee Uledi aliitoa hiba akiwa hai, ana akili zake timamu, na jina kwenye hati likabadilishwa palepale. Mwanamkuu aliachika mapema, hakuolewa tena, akarudi kwao akamuuguza baba yake miaka chungu nzima, na mzee hakutaka binti yule azeekee chumba cha kupanga. Mtoto wa kiume, Mrisho, aliyezaliwa na mke wa pili, Bi Swaumu, alipewa kiwanja Mbagala. Akakiuza kabla hajakifyeka. Mimi simsemi vibaya, ila mambo yalikuwa hivyo.

Mzee alipofariki, Mrisho akaenda Baraza la Ardhi. Alidai baba yao alikuwa hajitambui alipotoa ile hiba, kwa hiyo nyumba ni ya mirathi na watoto wote wagawane. Akamwita shahidi aliyemtegemea kuliko wote, mama yake mzazi.

Bi Swaumu alipanda kizimbani akiwa na baibui lake jeusi na kandambili, akaapishwa, akaulizwa. Akamtazama mwanawe, kisha akamtazama Mwanamkuu, mtoto wa mke mwenziwe. Akasema, "Uledi aliniita chumbani akanikalisha kitandani. Akasema, nyumba hii nampa Mwana. Alikuwa mzima, jioni yake alikwenda mwenyewe msikitini. Mimi nasema nilichokiona, mwanangu. Nisemeje sikukiona?"

Mrisho alitazama viatu vyake mpaka mama yake aliposhuka.

Mwanamkuu akashinda. Mrisho akakata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa. Akapanda Mahakama ya Rufani, akashindwa, na juu ya hapo hakuna pengine pa kupanda. Wakili wake Mwanamkuu, Scholastika, binti mwembamba mwenye ofisi ghorofani upande wa Magogoni, alimpigia simu siku hiyo akicheka. "Mama, imekwisha. Sasa lala usingizi."

Alilala. Tena wala hakuishia kulala, akafanya na uungwana. Mrisho alikuwa anahamia Buguruni na mama yake, chumba walichopata ni kidogo, akaja kuomba aweke kitanda na mbao zake chumba cha nyuma kwa muda, kwa kuwa yeye ni seremala na mbao zikinyeshewa zinaharibika. Ndugu ni ndugu. Mwanamkuu akampa ufunguo. Haikupita mvua ya vuli, ikaja pikipiki. Kesi mpya, safari hii kwa jina la shangazi yao mmoja wa Magomeni, ikieleza kuwa ukoo haujawahi kutoka katika nyumba ile na ushahidi ni mali zao zilizomo ndani mpaka leo. Mali zenyewe zilikuwa kitanda na mbao.

Scholastika aliweka pingamizi. Alimfafanulia Mwanamkuu kwa lugha ya kawaida kwamba jambo likishaamuliwa mpaka mwisho, watu walewale, au watu wanaosimama badala yao, hawaruhusiwi kulirudisha tena mahakamani kwa mlango mwingine. "Hii ni kesi ileile, mama, imebadilisha kanga tu." Hakimu akakubali, kesi ikatupwa. Mwaka uliofuata ikaja ya tatu. Mrisho alikuwa amejipatia usimamizi wa mirathi ya baba yao, akafungua kwa cheo hicho, eti sasa anayedai si yeye bali ni marehemu. Kila kesi ilikuja na zuio lake, usijenge, usiuze, usitengeneze. Mabati ya chumba cha baba yake yalikuwa yanavuja tangu kesi ya kwanza, na Mwanamkuu alikuwa anakinga maji kwa masufuria yaleyale ya pilau.

Hapo ndipo alipobadilika. Watu wa mtaani waliliona kabla yeye mwenyewe hajaliona. Aliacha kukaribisha watu ndani. Mgeni alipewa kiti barazani. Alipoletewa zawadi ya Idi aliuliza imetoka kwa nani na kwa nini. Moyoni alikuwa na hesabu moja tu: nilimpa ufunguo, nikapewa kesi.

Ile ya tatu ilikuwa bado haijasikilizwa alfajiri aliyokuja Mrisho mwenyewe, bila pikipiki, akabisha hodi kwa sauti ya chini. Kanzu ilikuwa imekunjamana na macho mekundu.

"Dada, mama ametangulia."

Mwanamkuu aliketi palepale kizingitini. Bi Swaumu hakuwa mama yake, lakini ndiye aliyemfunga nywele siku ya harusi, na ndiye aliyesimama Baraza la Ardhi akasema kweli. Alilia kwa haki.

"Alisema atolewe hapa," Mrisho akaendelea. "Alipoingilia siku alipoolewa na baba. Aoshwe hapa, atolewe hapa, basi. Nisipokuja kukuomba nitakuwa sijamtendea haki."

"Mlete," Mwanamkuu alisema. "Mlete mama. Unaniomba ya nini?"

Akaondoka. Mwanamkuu akawasha moto, akaosha mchele, akatuma watu wa turubai na mikeka. Nyumba ikaanza kunukia udi. Vitunguu vilipokuwa vinageuka rangi ndipo hofu ilipomwingia. Kitanda na mbao vilizaa kesi. Jeneza litazaa nini? Kwetu sisi watu wa pwani, mtu hutolewa kwake. Msikitini watatangaza kwamba maiti inatoka Mtaa wa Mchikichi, mtaa mzima utashuhudia, na kesho Mrisho atasimama mbele ya hakimu aseme, mama yangu alitolewa kwake, na kwake ndiko huko.

Akampigia Scholastika. Wakili alikuwa ndiyo kwanza anaamka.

"Pole sana, mama. Mwache azikwe. Maiti kutolewa hapo hakumpi mtu haki yoyote. Usifanye chochote, na tafadhali usiandike chochote."

Ushauri ulikuwa mzuri, na laiti angeufuata. Lakini aliyeutoa ni Scholastika yuleyule aliyesema imekwisha, lala usingizi. Mwanamkuu alishayalala maneno hayo akaamshwa mara mbili. Akaukabidhi mwiko kwa jirani, akajitanda, akavuka barabara mpaka kwa Mudi wa steshenari.

Nusu ya mikataba ya Kariakoo imezaliwa kwa Mudi. Anatoa kopi, anapiga picha za paspoti, na ukimweleza shida yako anakuandikia karatasi yenye maneno mazito. Kiolezo chake ni kimoja, cha mauziano ya viwanja, anabadilisha majina. Alimsikiliza Mwanamkuu akitikisa kichwa kwa adabu.

"Unataka asidai tena, bibi."

"Asidai tena. Maishani."

Mudi akachapa. Mimi, Mrisho Uledi, kwa hiari yangu na bila kulazimishwa na mtu, ninaachia haki zangu zote nilizo nazo katika nyumba iliyopo Mtaa wa Mchikichi, na sitadai tena. Chini nafasi ya sahihi na mashahidi wawili. Mwanamkuu aliisoma mara mbili akaona ni nzuri. Aliikunja akaifunga kwenye pindo la kanga, akarudi kukoroga pilau.

Gari lilifika kabla ya adhuhuri. Wanaume walikwisha jaa chini ya turubai, wanawake wako ndani, maji ya kuoshea yamechemshwa, sanda imekatwa. Shobhana aliteremsha mlango wa duka lake nusu, kama anavyofanya kila jeneza linapopita, akasimama pembeni na mikono yake kifuani. Mlango wa nyuma wa gari ukafunguliwa. Vijana wakashika miguu ya jeneza. Na Mwanamkuu akatoka, akasimama katikati ya mlango wa nyumba yake.

"Mrisho," alisema. "Njoo kwanza."

Wote walidhani ana neno la kifamilia. Mrisho akamsogelea, akampa mkono, na badala ya mkono akapokea karatasi na kalamu.

"Tia sahihi, mdogo wangu. Halafu tunamwingiza."

Mrisho aliisoma. Jua la saa sita, lile ambalo nyumba inalipata mara moja tu kwa siku, lilikuwa limewashukia utosini. Watu walianza kuelewa mmoja mmoja, kuanzia waliokuwa karibu, na kila aliyeelewa alinyamaza, mpaka ikawa kinachosikika ni mkokoteni unaopita kule Msimbazi.

Mzee Abdulkadiri, mwosha maiti wa mtaa na rafiki wa marehemu baba yao, alimsogelea akasema kwa sauti ya kubembeleza, "Bi Mwana, mambo ya dunia yasubiri. Mama yuko juani."

"Na mimi nimesubiri, mzee. Hamkuwa mnakuja mahakamani."

Alikuwa anatetemeka. Nataka ieleweke hivyo, kwa sababu baadaye watu walisimulia kwamba alisimama pale mkavu kama kisiki. Alikuwa anatetemeka, na nusu ya moyo wake ilikuwa inamwomba arudi nyuma hatua moja, na hiyo hatua moja hakuiweza. Vijana walikuwa wameshika jeneza nusu ndani ya gari, nusu nje. Hawakujua walitoe au walirudishe.

Mrisho akaiweka karatasi juu ya boneti ya gari lililombeba mama yake, akatia sahihi. Mashahidi wawili wakapatikana kwa shida, wakaandika majina bila kutazama watu usoni. Mwanamkuu akapisha mlango.

Bi Swaumu akaoshwa, akasaliwa, akazikwa Kisutu. Wanaume waliporudi kutoka makaburini hawakurudi Mchikichi. Matanga yaliwekwa Buguruni, kwenye uwanja mdogo mbele ya chumba cha kupanga, na waombolezaji wakajipangia usafiri wao kwenda huko. Wanawake nao wakaaga mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na udhuru wake. Mpaka magharibi Mwanamkuu alikuwa uani peke yake na masufuria mawili ya pilau ambayo hayajafunuliwa. Aliwapa wabeba mizigo wa sokoni. Walikula wakamshukuru, hawakujua ni ya nini.

Wiki ya pili Scholastika alimpigia simu. "Mama, nina habari njema na sielewi. Mrisho ameiondoa ile kesi ya tatu."

"Ndiyo, alitia sahihi karatasi."

"Karatasi ipi?" wakili aliuliza, kisha akasita. "Hapana, mama. Maombi ya kuiondoa aliyapeleka kabla ya msiba. Mama yake akiwa bado yuko hospitali. Nakala ndiyo imenifikia leo."

Mwanamkuu alikata simu akaenda kuketi chumbani kwa baba yake, kwenye kile kitanda alichokalishwa Bi Swaumu siku ya hiba, akitazama mahali bati linapovuja. Mrisho alikuja alfajiri ile hana kesi. Alikuja na maiti tu, na ombi.

Mwanamkuu alitaka kwenda Buguruni siku hiyohiyo. Akavaa, akafika mpaka kona ya Msimbazi, akarudi. Angesema nini? Alijiambia atakwenda arobaini ikifika, hasira zikipoa. Kabla ya arobaini ikaja pikipiki, na kijana mwenye kofia ngumu akamuulizia kwa majina yake yote matatu.

Scholastika aliisoma samansi na viambatisho vyake ofisini, huku pantoni ya Kigamboni ikipiga honi chini dirishani. Aliisoma polepole kuliko zote zilizotangulia. Kiambatisho cha kwanza kilikuwa nakala ya ile karatasi ya Mudi.

"Ulimwandikisha hivi, mama? Naachia haki zangu zote nilizo nazo?"

"Nilitaka asidai tena."

"Upande wa Mrisho wanasema huwezi kumwachisha mtu kitu ambacho hana. Wanasema wewe mwenyewe umekiri kwa maandishi kwamba Mrisho ana haki katika nyumba. Halafu wanasema hiyo haki ulimnyang'anya siku ya msiba, kwa kuizuia maiti ya mama yake mlangoni."

"Si uweke pingamizi. Sema imekwisha amuliwa."

"Nitaliweka." Scholastika alivua miwani. "Lakini karatasi hii haikuwepo kwenye kesi zile, na siku ile haikuwepo. Hakuna mahakama iliyowahi kuamua jambo la siku ile. Nahofia hii si ile iliyobadilisha kanga, mama. Hii ni nyingine, na tumeizaa wenyewe."

Pingamizi lilisikilizwa, na hofu ya wakili ikawa kweli. Mheshimiwa hakimu alisema suala la nani alipewa nyumba na Mzee Uledi limefungwa na halitaguswa, ila suala la karatasi ni jipya, lisikilizwe kwa mashahidi. Zuio likawekwa tena. Nje, kwenye ngazi, Mwanamkuu alimngoja ndugu yake. Alikuwa amejipanga kumgombeza, lakini alipomwona anashuka taratibu ameshika ukuta, amezeeka, maneno yakamtoka mengine.

"Mrisho, kumbe ulikuwa umeiondoa."

"Mama alinikataza," alisema. "Aliniambia, mwache Mwana apumzike, na wewe upumzike. Nikaacha, dada. Wallahi nilikuwa nimeacha." Alimtazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya boneti. "Ungefungua mlango tu."

"Basi acha na hii."

"Hii siachi. Zile nilikuwa nadai nyumba. Hii nadai ile nusu saa ya mama juani."

Akashuka zake. Mwanamkuu alibaki ameshika chuma cha ngazi mpaka Scholastika alipokuja kumshika mkono. Wakili alimsindikiza mpaka barabarani, na hapo, akiwa anatafuta namna nzuri ya kusema, akalisema tu.

"Tunahitaji mashahidi, mama. Mtu wa kueleza kwamba hukumlazimisha. Kesi ya kwanza alituokoa Bi Swaumu. Safari hii tutamleta nani?"

Mzee Abdulkadiri alimjibu kwamba yeye ni mwosha maiti, mahakamani haendi. Kati ya wawili waliotia sahihi ya ushahidi, mmoja alikuwa amehamia Tandika bila kuacha namba, mwingine alijifanya hakumbuki. Alibaki Shobhana. Amepanga fremu ile tangu enzi za Mzee Uledi, hajawahi kuchelewesha kodi wala kugombana na mtu, na siku ile alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka mlangoni.

Mwanamkuu alimwendea jioni, akamkuta anakunja sampuli za mapazia. Alikataa kiti. Alieleza shida yake yote akiwa wima, bila kuficha hata ile ya kwamba kesi ilikuwa imekwisha ondolewa. Shobhana alimsikiliza mpaka mwisho, akaliweka chini lile pazia alilokuwa amelishika.

"Nitakuja, Bi Mwana. Wewe jirani yangu, siwezi kukataa." Akayashusha macho. "Lakini mimi nitasema nilichokiona."

Mwanamkuu alisema sawa, hana zaidi ya kuomba. Alitoka akaingia ndani kwa mlango wake, akaufunga, akakaa kwenye korido gizani na kanga mdomoni. Maneno yale alikwisha yasikia mara moja mbele ya Baraza la Ardhi, kwa sauti ya Bi Swaumu, na ndiyo yaliyompa nyumba.